Urithi wa Watoto na Kitabu cha Picha: Somo kwa Bwana na Bibi



Katika somo hili tutazungumza juu ya urithi wa watoto wetu. Hatusemi urithi wa shamba, wala wa ng'ombe, wala wa mistari ya chai. Tunasema urithi ule ambao mtoto huanza kuupokea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake: lugha, majina, hadithi, vyakula, desturi za kwao baba na za kwao mama, pamoja na imani. Tutaona pia jinsi kitu kidogo, yaani kitabu cha picha, kinavyoweza kuwasaidia wazazi kuwapa watoto urithi huo bila kugombana. Someni somo hili wawili pamoja ikiwezekana. Mwishoni mtapata maswali ya kujadiliana.

SWALI LA MTOTO MEZANI

Tuchukue mfano wa nyumba moja hapa Silibwet. Bwana ni Mkipsigis, mkulima mdogo wa chai. Bibi ni Mkisii kutoka upande wa Keroka. Walibarikiwa ndoa yao kanisani, na Mungu amewajalia watoto watatu. Hawapigani, hawalewi, na ada ya shule hulipwa. Majirani huwataja kama mfano mwema.

Siku moja binti yao wa miaka saba anarudi kutoka shuleni akiwa kimya. Mwenzake amemwambia, "Wewe si wa hapa, mama yako ni Mkisii." Wakati wa chakula anauliza, "Baba, sisi ni watu gani?" Baba anajibu upesi, "Nyinyi ni Wakipsigis. Maneno yamekwisha." Mama hasemi kitu. Anaondoa sahani. Baadaye kitinda mimba anamwaga maziwa, na mama anamkemea kwa Kikisii.

Ukiichunguza nyumba hii utaona kwamba mambo huwa hivyo siku zote. Kikipsigis ni lugha ya baba na nyanya, lugha ya mizaha na vicheko vya jioni. Kikisii husikika tu pale mama anapokasirika. Basi watoto wamejifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kuwafundisha, kwamba upande mmoja wa damu yao ni wa furaha na upande wa pili ni wa hasira.

Je, bwana huyu alisema uongo? La. Ukoo hupita kwa baba, kwa Wakipsigis na kwa Wakisii vilevile. Lakini hakujibu swali aliloulizwa. Mtoto hakutaka kujua habari za ukoo. Alitaka kujua kama mama yake ana nafasi katika nyumba hiyo, na kama yeye mwenyewe, aliyezaliwa na mama huyo, ana nafasi katika shule na kijiji. Bibi naye, kwa kunyamaza, alimwacha mtoto ajitafutie jibu. Ndiyo maana wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa uwanja wa shule si mwalimu mpole.

Msidhani kwamba jambo hili linawahusu tu wenye ndoa za makabila mawili. Tangu mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, watu wa makabila mengi wamekuja kufanya kazi na kuishi hapa: Wajaluo, Wakisii, Waluhya na wengine. Watoto wamezaliwa katika nyumba za laini na kucheza pamoja. Hata nyumba ambayo baba na mama wote ni Wakipsigis ina majirani, na mtoto wake ataketi dawati moja na mtoto wa mtu mwingine. Atakwenda huko na moyo gani? Hilo huamuliwa nyumbani.

MAANDIKO MATAKATIFU YANATUFUNDISHA NINI?

Mungu anajua kwamba watoto huuliza maswali kwa macho. Fungueni Kitabu cha Yoshua, sura ya 4. Waisraeli walipovuka mto Yordani, Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni na kusimamishwa huko Gilgali, jiwe moja kwa kila kabila. Kwa nini? Ili watoto wa baadaye wakiyaona wawaulize baba zao maana yake, nao baba zao wawasimulie. Angalieni utaratibu huo: kwanza mtoto anaona, kisha anauliza, kisha mzazi anasimulia. Angalieni pia kwamba mawe yalikuwa 12. Hakuna kabila lililoambiwa jiwe lake libaki mtoni.

Kisha fungueni Injili ya Mathayo, sura ya 1. Pale mwinjili anataja ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Kwa desturi ya Wayahudi ukoo ulihesabiwa kwa baba, lakini Mathayo amewaingiza wanawake katika orodha yake, na baadhi yao hawakuwa Waisraeli. Rahabu alikuwa wa Yeriko. Ruthu alikuwa Mmoabu, mtu wa taifa ambalo Waisraeli hawakulipenda. Kama Mwana wa Mungu hakuona haya kuwa na nyanya mgeni katika ukoo wake, sisi tutaonaje haya?

Kanisa nalo limesema wazi. Katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, na kwamba kazi hiyo haiwezi kuachiwa wengine kabisa. Mwaka 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa tarehe 10 Aprili, siku chache tu baada ya mauaji ya Rwanda kuanza. Maaskofu hao walichagua kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu. Neno hilo lilikuwa na uzito, kwa maana wakati huohuo katika nchi ya Wakristo wengi watu walikuwa wakiuawa kwa sababu ya kabila lililoandikwa katika kitambulisho. Ubatizo peke yake bila malezi haukutosha kuwazuia wauaji.

PICHA NI KITABU CHA ASIYESOMA

Huenda mzazi akasema, "Mambo haya ni makubwa, mtoto wa miaka minne atayaelewaje?" Jibu ni la zamani sana. Yapata mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa mji wa Marseille, aliyekuwa amezivunja picha kanisani mwake. Papa alikubali kwamba picha hazipaswi kuabudiwa, lakini alimkemea kwa kuzivunja. Alieleza kwamba asiyejua herufi husoma kwa picha yale ambayo msomi huyasoma katika vitabu.

Nasi tunajua hivyo kwa mazoea. Tazameni Njia ya Msalaba ukutani mwa kanisa: vituo 14, picha 14. Mtoto asiyejua kusoma huzunguka na mama yake, naye kufikia Pasaka anaweza kukusimulia nani alimsaidia Yesu kubeba msalaba na nani alimpangusa uso. Hicho ni kitabu cha picha kilichotundikwa ukutani.

Kitabu cha picha kina faida tatu nyumbani. Kwanza, mtoto hukisoma kabla ya kujua kusoma. Pili, mzazi au nyanya ambaye hakwenda shule anaweza kukifundishia, maana atasimulia kwa lugha yake yale anayoyaona. Tatu, picha humfanya mtoto aulize bila kuogopa. Si rahisi mtoto kumwambia baba, "Kwa nini unamcheka mjomba?" Lakini ni rahisi kuuliza, "Kwa nini mtu huyu wa kitabuni amevaa hivi?"

VITABU VITATU JUU YA MAJIRANI

Vipo vitabu vingi vya picha vilivyotungwa juu ya watu wa pande zetu. Hapa tutataja vitatu, kwa sababu vinawahusu watu tunaowajua. Vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini hilo lisiwatishe. Fungueni picha, simulieni kwa lugha yenu.

Cha kwanza ni Bringing the Rain to Kapiti Plain cha mwaka 1981, kilichoandikwa na Mmarekani Verna Aardema na kuchorwa na Beatriz Vidal. Mchungaji aitwaye Ki-pat anaona nchi imekauka na ng'ombe wana njaa. Anatengeneza mshale kwa unyoya wa tai, analichoma wingu, na mvua inanyesha. Hadithi hii asili yake ni ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis. Iliandikwa kwanza na ofisa Mwingereza A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909. Fikirini basi: hadithi iliyosimuliwa na wazee wa Kinandi imesafiri mpaka Marekani, watoto wa huko wanaijua, na huenda mtoto wa Silibwet hajawahi kuisikia! Lakini msomeni mtungaji kwa makini. Uwanda wa Kapiti uko upande wa Machakos, mbali na nchi ya Wanandi. Mwambie mtoto hivyo. Atajifunza mapema kwamba si kila kilichopigwa chapa kimekaa mahali pake, na kwamba babu anaweza kusahihisha kitabu.

Cha pili ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotolewa mwaka 1994. Handa, msichana wa Kijaluo, anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba katika kikapu kichwani. Njiani wanyama wanayachukua moja moja bila yeye kujua. Maneno ya kitabu hayasemi kwamba wanyama wanaiba. Picha peke yake ndiyo inayoonyesha. Hivyo mtoto anayetazama anajua zaidi kuliko mtu mzima anayesoma. Mwishowe mbuzi anaugonga mti, na kikapu kinajaa machenza, tunda ambalo Akeyo analipenda kuliko yote. Mtoto atacheka. Na akishacheka pamoja na Handa, jina la Kijaluo halitakuwa tena geni masikioni mwake.

Cha tatu ni 14 Cows for America cha mwaka 2009, kilichoandikwa na Carmen Agra Deedy pamoja na Wilson Kimeli Naiyomah, na kuchorwa na Thomas Gonzalez. Hiki kinasimulia jambo lililotokea kweli, tena karibu nasi, huko Enoosaen katika Trans Mara. Naiyomah, kijana wa Kimaasai, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, siku majengo yale mawili yalipoangushwa. Mwaka 2002 alirudi kwao akawasimulia wazee msiba alioushuhudia. Wamaasai wakawapa Wamarekani ng'ombe 14 kuwa faraja. Sisi tunaopakana na Wamaasai tumezoea kusimuliana habari za ng'ombe walioibwa. Ni vizuri mtoto asikie pia habari za ng'ombe waliotolewa bure.

Mahali pa kupata vitabu pasiwe kisingizio. Silibwet ni mojawapo ya miji midogo iliyobahatika kupata tawi la Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ulizeni huko vipo vitabu gani vya watoto. Mwenye simu ya kisasa anaweza kusoma bila malipo vitabu vya picha vya mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014. Vimo vya Kiswahili na vya lugha nyingi za Afrika. Na bonasi ya chai inapolipwa, pamoja na mabati na ada, kitabu kimoja cha watoto hakiwezi kumfilisi mtu.

NAMNA YA KUKISOMA NA MTOTO

1. Tazameni kwanza, msisome. Acheni mtoto afunue kurasa na kuonyesha kwa kidole.

2. Ulizeni maswali matatu tu: Unaona nini? Wanafanya nini? Na sisi kwetu hufanyaje? Swali la tatu ndilo daraja kati ya kitabu na nyumba.

3. Jibuni kila mmoja kutoka kwao. Baba aseme, "Kwetu tulikuwa tukifanya hivi." Mama naye aseme, "Na kwetu hivi." Asiwepo wa kusema, "Kwenu mlikuwa washamba." Neno moja kama hilo hubomoa vitabu kumi.

4. Msigeuze desturi za wengine kuwa vichekesho. Mtu wa kitabuni akiwa amevaa shuka na kushika mkuki, mwambie mtoto kwamba watu hao pia ni madaktari, walimu na mapadre. Picha moja haimalizi kabila.

5. Baba asome pia. Watoto wengi hudhani kitabu ni kazi ya mama na mwalimu. Robo saa ya baba baada ya chakula cha jioni ina nguvu kuliko hotuba yake ya mwisho wa mwaka.

KITABU CHENU CHA NYUMBANI

Vitabu vya dukani ni vizuri, lakini hakuna mchapishaji atakayetunga kitabu cha nyumba yenu. Hicho mtakitengeneza wenyewe. Chukueni daftari kubwa, au kateni karatasi za manila na kuzishona katikati kwa sindano na uzi. Gundi ya unga wa ngano inatosha. Kalamu za rangi ziwepo. Kila ukurasa uwe na picha moja na sentensi mbili tatu. Watoto wachore, msiwasahihishe ng'ombe wenye miguu mitano. Kurasa hizi zitafaa kuanzia.

Ukurasa wa majina. Mtoto wa Kipsigis hupewa jina kwa saa au tukio la kuzaliwa kwake. Kipkoech au Chepkoech alizaliwa kunapopambazuka, Kibet au Chebet mchana, Kiplangat au Chelangat jioni, Kiprop au Cherop mvua ikinyesha. Wakisii nao huhifadhi tukio katika jina: Makori alizaliwa njiani, Kwamboka alizaliwa katika safari ya kuvuka. Tena jamii zote mbili huwakumbuka wafu wao katika majina. Kwa Wakipsigis, katika kurenet, kina mama hutaja majina ya wahenga mpaka mtoto apige chafya. Chora jua, chora mvua, chora njia. Kisha andika jina la ubatizo, na chini yake mtakatifu wake na siku yake. Mtoto ataona kwamba jina la tatu halikuja kuyafuta yale mawili.

Ukurasa wa nyanya wawili. Upande mmoja kogo, upande wa pili magokoro. Kama ipo picha, ibandikeni. Kama hakuna, chora mikono yao, mmoja akisafisha kibuyu cha mursik kwa sosiot, mwingine akichambua mboga. Andikeni neno moja ambalo kila mmoja hupenda kulisema. Ikiwa nyanya mmoja ni wa Africa Gospel Church, dhehebu lenye mizizi ya siku nyingi hapa karibu na Tenwek, andikeni hivyo kwa heshima. Yeye pia ndiye aliyemfundisha baba yenu kusali.

Ukurasa wa mboga moja. Kuna mboga ya majani ambayo Wakipsigis huiita isagek, Wakisii chinsaga, Wajaluo dek, na kwa Kiswahili sanifu ni mgagani. Ichoreni mara moja, mwandike majina yote kuizunguka. Ukurasa huu mdogo una mahubiri makubwa. Watu waliosema hawafanani wamekuwa wakichuma mboga moja miaka yote.

Ukurasa wa mnyama wa ukoo. Kila ukoo wa Kipsigis una tiondo wake, mnyama ambaye watu wa ukoo humheshimu. Wakisii nao wana desturi kama hiyo. Mtoto akamuulize babu, si mwalimu. Hapa baba ana nafasi yake kamili, na hakuna anayemnyang'anya.

Ukurasa wa njia. Choreni barabara kutoka Silibwet mpaka Bomet, Sotik, Chebilat, Keroka. Wekeni nyumba ya babu mwanzo wa barabara na nyumba ya babu wa pili mwisho wake. Mtoto apitishe kidole. Ataona kwamba nyumba hizo mbili zimeunganishwa na barabara moja, nayo hupita sokoni.

Ukurasa wa ndoa. Simulieni mlivyokutana, nani alitumwa kuposa, siku ya kanisani nani alilia na nani alicheza. Watoto hupenda ukurasa huu kuliko yote. Huwaonyesha kwamba hawakuzaliwa kwa bahati mbaya mpakani. Walizaliwa kwa sababu watu wawili walichaguana mbele ya Mungu.

UKURASA MGUMU

Sasa tufike mahali penye uchungu. Je, mtaandika pia mambo mabaya yaliyopita? Katika nchi yetu ya chai maswali hayo hayakwepeki. Kulikuwa na mapigano ya mwaka 1992. Kisha, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa na watu wakauawa katika sehemu nyingi za nchi, pamoja na mpaka wa Sotik na Borabu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini kote. Majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi walikimbiana. Bibi Mkisii aliyeolewa Bomet, au bibi Mkipsigis aliyeolewa Borabu, alilala akijiuliza atakimbilia upande upi.

Wazazi wengine hunyamaza kabisa, wakidhani kimya ni dawa. Lakini mtoto atasikia tu, kutoka kwa mjomba aliyelewa au kwa kijana sokoni, na atasikia nusu ya habari iliyotiwa sumu. Wengine husimulia kila kitu, tena kila mmoja kwa upande wake, mpaka watoto wanagawanyika. Njia ya Kikristo iko katikati: ukweli bila sumu, kwa kipimo cha umri.

Mtoto wa miaka mitano yatosha kuambiwa, "Kulikuwa na wakati mbaya, watu waligombana, wengine waliumizwa, nasi tulimwomba Mungu." Wa miaka kumi aweza kuambiwa nani wa familia alipoteza nini, pande zote mbili. Wa miaka kumi na mitano aweza kusikia pia nani alikosa, hata kama mkosaji ni wa damu yetu. Kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyemficha jirani wa kabila lingine ndani ya nyumba yake, huyo mchoreni kwa rangi nzuri kuliko zote. Ukurasa huu msiuandike kabla bwana na bibi hamjazungumza peke yenu, watoto wakiwa wamelala. Kama hamwezi kukubaliana juu ya sentensi mbili, basi kidonda bado kibichi, na ni heri mkaonane na paroko au wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo kabla ya kuendelea.

MASHARTI MATATU KWA WENYE NDOA

Kitabu hiki kitawafaa watoto kadiri kinavyowafaa ninyi wenyewe. Shikeni masharti haya.

La kwanza: Asiwepo mmoja wa kuandika peke yake. Baba akikijaza kitabu na mama akapewa ukurasa wa chakula tu, watoto watausoma upungufu huo kuliko maneno. Hesabuni kurasa.

La pili: Kila mmoja amsimulie mwenzake. Bwana amfundishe mtoto salamu ya Kikisii, bibi amfundishe salamu ya Kikipsigis. Mtoto anapomsikia baba akijikwaa katika lugha ya mama, kisha wote wakacheka pamoja, amepata somo ambalo hakuna shule inayoweza kulitoa. Na lugha ya mama itatoka katika kona ya hasira na kuingia katika kicheko.

La tatu: Mlindane mbele ya wakwe. Nyanya akisema neno la kumdharau mkaza mwana, mwanawe ndiye wa kumjibu, kwa adabu na kwa wazi: "Mama, huyu ndiye mama wa wajukuu wako." Vivyo hivyo mkwe akidharauliwa upande wa pili, binti yao ajibu. Kitabu kizuri ndani ya kabati hakiwezi kusahihisha dharau inayosemwa sebuleni.

Wengine watauliza, "Je, hatutawachanganya watoto kwa kuwapa urithi wa pande mbili?" Mtoto hachanganywi na pande mbili. Huchanganywa na pande mbili zinazochukiana. Ukoo wake ni mmoja, nao unajulikana. Lakini urithi hauna mlango mmoja. Huingia kwa baba, huingia kwa mama, na kwa Wakristo huingia pia kwa maji ya ubatizo, ambamo tunapokea ndugu wa kila lugha. Mwacha asili ni mtumwa, nayo asili ya mtoto ni wazazi wake wote wawili.

Basi, turudi kwa jibu ambalo baba yule angeweza kulitoa mezani. Lingetosha hili: "Mwanangu, ukoo wako ni wangu, na moyo wako umefinyangwa na mama yako na mimi. Watu wa Keroka ni wako, watu wa Silibwet ni wako. Kesho tutakuchorea njia." Maneno machache, lakini mama asingeondoa sahani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yetu, lugha ya kila mmoja wetu husikika wakati gani: wa furaha au wa hasira?

2. Watoto wetu wanajua majina ya babu na nyanya wa pande zote mbili? Wanajua maana ya majina yao wenyewe?

3. Ni neno gani juu ya kabila la jirani ambalo tumelisema mbele ya watoto na linalopaswa kukoma?

4. Someni Yoshua 4 na Mathayo 1. Mawe yetu 12 ni yapi? Tungependa watoto waulize nini?

5. Ukurasa gani wa kitabu chetu utakuwa mgumu kuuandika, na nani atatusaidia?

KAZI YA JUMA HILI

Bwana na bibi wachague jioni moja, wawaite watoto, washone daftari, na kuandika ukurasa wa kwanza tu: majina. Katika mkutano wa Jumuiya unaofuata, mwenye kupenda alete kitabu chake, asimulie ukurasa mmoja. Na mwaka ujao, siku ya Familia Takatifu baada ya Krismasi, kila nyumba ikiweke kitabu chake mezani karibu na Biblia, iombe baraka, na kuwaachia watoto ukurasa mmoja mtupu. Huo ni wao. Wataujaza wenyewe siku moja, wakiwa na wake zao na waume zao, kutoka kokote Mungu atakakowachagulia.